Gitaa la Nyuzi Saba la Kwaya ya Buswelu

Wapenzi wa muziki mzito wa metali huwa na hadithi nzuri za jinsi ulivyowaingia. Mmoja alisoma na watoto wa mabalozi, mwingine ana kaka baharia aliyerudi na kaseti. Mimi uliniingia kanisani, Buswelu, pembezoni mwa Mwanza, nikiwa ndani ya joho la zambarau lililokuwa fupi upande mmoja, na aliyeniingiza ni mzee aliyeamini kwamba gitaa la umeme lenyewe tayari ni kumjaribu Mungu.

Mzee huyo alikuwa mwalimu wetu wa kwaya. Hakuwa na kinanda wala filimbi ya kupimia sauti, na hakuona sababu ya kuwa navyo. Alisimama mbele yetu, akafumba macho, akakohoa kidogo, kisha akatoa do kutoka kooni mwake. Hiyo ndiyo ilikuwa do. Wazungu wana yao, imepimwa kwa mashine, inafanana kuanzia Roma mpaka Nairobi. Sisi tulikuwa na ya mwalimu. Kazi yangu, kama mpiga gitaa pekee wa kwaya, ilikuwa kukaza au kulegeza nyuzi mpaka zimkute alipo.

Tatizo ni kwamba mwalimu alikuwa amekula chumvi nyingi, na kila mwaka do yake ilishuka kidogo. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Sisi ni watu wenye adabu. Tuliona heri kwaya nzima ishuke naye kuliko mtu mmoja kufungua mdomo. Dada yangu, aliyeimba sauti ya kwanza, alisema akina mama sasa wanaimba kama wanaita ng'ombe kutoka bondeni, lakini hayo aliyasema nyumbani, akiwa anachambua mchele. Kanisani alisema shikamoo mwalimu, akaenda kunguruma mahali pake.

Nikawa nalegeza. Gitaa lile lilikuwa la nyuzi sita kwa jina tu, maana mbili kati ya hizo zilikuwa waya tuliochambua kutoka kebo ya breki ya baiskeli. Ukizilegeza kiasi alichotaka mwalimu, zilining'inia kama kamba ya kuanikia nguo, zikagonga shingo ya gitaa na kutoa mkwaruzo. Spika yetu nayo ilikuwa imechanika, nikaibandika kwa karatasi na gundi ya kuzibia mipira ya baiskeli. Kwa hiyo tulipoimba kuhusu malaika na mbingu, nyuma yao kulisikika kitu kinachofanana na lori la pamba likipanda mlima Usagara na gia mbovu. Waumini walizoea. Mimi sikuzoea, nilipenda. Nilikuwa nabonyeza kodi moja, yaani noti kadhaa kwa mpigo, mkwaruzo unanipanda kifuani, natamani wimbo usiishe.

Zama zile ndizo za soko huria, na Mwanza ilikuwa imefunguliwa kama kopo. Kila kitu kiliruhusiwa, na kila aliyeruhusiwa alifungua kiwanda cha samaki. Nami nikapata kibarua katika kimojawapo, nikimsaidia fundi wa majokofu, Mzungu mmoja mwembamba aliyekuja kuhakikisha kwamba sangara wetu wanafika Ulaya wakiwa wabichi kuliko sisi wenyewe tulivyowahi kuwaona mezani. Minofu ilipanda ndege. Mapanki, yaani vichwa na mifupa, yalibaki nyumbani kwa wazalendo. Fundi yule alikuwa na redio ya kaseti kwenye chumba cha mashine, na siku moja aliifungulia mpaka mwisho.

Nilisimama na spana mkononi. Sauti ile niliijua. Nyuzi zimelegezwa, mkwaruzo umejaa, kuna mtu ananguruma kutoka chini ya sakafu. Nikajiambia, maskini, na hawa nao mwalimu wao amezeeka.

Nilipomweleza fundi kwamba hata sisi Buswelu tunapiga hivyo kila Jumapili, alinitazama kwa huruma ambayo watu wa kwao huwawekea wagonjwa wa malaria. Lakini alikuwa mtu mwema. Alinifahamisha, kwa Kiswahili cha mwezi mmoja na vidole vya mikono yote miwili, kwamba wale jamaa hawalegezi nyuzi za kawaida. Wanalo gitaa maalumu lenye nyuzi saba, na huo wa saba ni mnene, umekaa juu ya nyingine zote, umetengenezwa kwa kazi ya huko chini. Haulegei wala haukwaruzi usipotaka. Ukitaka, unakwaruza mpaka meno yanawasha. Kuanzia siku ile nikawa mtu wa kuota nyuzi saba mchana kweupe, na samaki kadhaa waliganda kupita kiasi kwa sababu hiyo.

Ningeendelea kuota tu kama si mwenyekiti wa baraza la kanisa. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara ambavyo Wachina huvinunua kwa heshima kubwa, na mabondo yalikuwa yamempa pikipiki, nyumba ya matofali ya kuchoma na maoni juu ya kila jambo. Alikuwa ameona kinanda cha umeme mjini. Alituambia kina ngoma ndani yake, kina besi ndani yake, kina hadi tarumbeta, hakiombi chai wala hakichelewi mazoezini. Zaidi ya yote, alisema, do ya kinanda haisogei.

Sote tulielewa. Mwalimu asingeweza kuifikia do isiyosogea, kwa kuwa ilikuwa mbali juu ya kichwa chake. Kinanda kikiingia, mwalimu anatoka, na mwenyekiti alikuwa tayari na kijana kutoka mjini mwenye suruali ya mikunjo mingi aliyesomea kuelekeza kwaya kwa kijiti. Mwalimu hakuwa na kitu kingine. Mke alikuwa amekwisha kufariki, watoto wako Geita wanachimba dhahabu wasiyoipata, na shule aliyofundisha ilimstaafisha na kumpa saa ya ukutani. Kwaya ile ndiyo iliyomfanya afue shati Ijumaa na kutia upepo baiskeli Jumamosi. Nilimpenda mzee yule, nalisema wazi. Nilipokuwa mtoto alinifundisha re na mi kwa kunigonga kichwani taratibu, pigo moja kwa kila noti, na sijapata mwalimu mwingine niliyemwelewa hivyo.

Kwa hiyo nilisimama kwenye kikao na kusema kwamba si mwalimu aliyechoka, ni gitaa. Nilisema lipo gitaa la kisasa, la nyuzi saba, lenye besi na ridhimu kwa pamoja, linaloweza kumfuata mwalimu popote atakapokwenda bila kukwaruza. Sikutaja kwamba jamaa wanaolipiga huko kwao huwa na nywele mpaka kiunoni na michoro ya mafuvu. Baraza haliwezi kubebeshwa kila kitu kwa siku moja.

Mwenyekiti alicheka, lakini wazee wenzake walikuwa rika la mwalimu na waliona kwamba akivutiwa mkeka yeye, watafuata wao. Wakakata kauli: vijana watafute gitaa hilo, Jumapili ya mavuno liwekwe wakfu na kwaya iimbe mbele ya watu. Ikiimba vizuri, kinanda kisubiri na mwalimu abaki. Ikishindikana, mwenyekiti alete kinanda chake na kijiti chake. Fedha zilitoka kwenye mnada wa baada ya ibada, ule wa kuku, mihogo na visado vya dagaa, ambapo jogoo mmoja alinunuliwa na kurudishwa mnadani mara nyingi hivi kwamba alianza kuwafahamu wanunuzi.

Basi nikaenda mjini kuchagua, na dada yangu akanisindikiza kwa sababu, alisema, mimi nikiona kitu cheusi chenye waya naweza kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Duka la kwanza lilikuwa la vifaa vipya vya umeme, katikati ya mji. Soko huria lilikuwa limelijaza feni, pasi na maua ya plastiki. Gitaa lilikuwepo moja, jekundu, linang'aa, kiwiliwili chake kimechongwa ncha mbili mbele. Muuzaji alisema ni la kimataifa. Nilipouliza kimataifa maana yake nini, alisema lina rangi ya kiwandani. Lilikuwa na nyuzi sita. Nikaomba kulegeza, nikashuka mpaka do ya mwalimu, uzi mnene ukaanza kuning'inia vilevile kama wa kwetu wa breki, tofauti yake huu ulining'inia kwa bei kubwa. Dada alitazama zile ncha mbili na kusema hizo ni pembe, na mwinjilisti wetu, ambaye huona pembe hata kwenye mgomba, hatalipitisha mlangoni. Tukaaga.

La pili lilikuwa Kirumba, kwa mzee mmoja aliyewahi kuwa na bendi ya dansi mpaka disko zilipomaliza wateja wake. Alikuwa anauza vyombo kimoja kimoja, kwa huzuni na kwa bei ya huzuni. Akanionyesha besi. Besi ilishuka, sikatai. Ilishuka hata chini ya mwalimu akiwa na mafua. Lakini ilikuwa na nyuzi nne, na zote nne zilijua kazi moja tu ya kutembea huko chini; ukitaka kodi ya kumbeba mwimbaji juu ya hapo, hakuna. Tena ilikuwa na harufu ya bia iliyoingia kwenye mbao kiasi kwamba ukiinama kupiga unalewa. Mzee alisema hiyo ndiyo ladha yake. Nilimwamini, ila nilijua mwinjilisti naye ana pua.

La tatu sikulitafuta, lilikuwa linanitazama. Tulipita soko la Mlango Mmoja ili dada aone mitumba ya watoto, na pembeni kulikuwa na mfanyabiashara aliyeuza vitu vinavyokutwa ndani ya magari yaliyotumika ya Kijapani: miavuli, fimbo za gofu, viatu vya mguu mmoja, rimoti za televisheni zilizobaki kwao. Katikati ya miavuli lilisimama gitaa jeusi, halina pembe, halina harufu, shingo yake pana kama ubao wa kukatia kabichi. Nilihesabu nyuzi, nikahesabu tena, kisha nikamwomba dada naye ahesabu, kwa sababu wakati ule sikujiamini.

Mfanyabiashara aliona tunahesabu akaingia wasiwasi. Alidhani tumegundua kasoro. Akawahi kutueleza kwamba ule wa juu, mnene, usitutishe, ni spea. "Wajapani wana akili, dada yangu," alisema. "Kama tairi la gari. Ukikatika mmojawapo, unachukua huo unahamishia." Akaongeza kwamba kama unatusumbua, ana koleo, anautoa bure sasa hivi.

Nilimshika mkono. Nilimwambia aache tu, tutaangalia mbele ya safari. Dada alikuwa amejifunika kanga usoni, mabega yanatikisika, na mfanyabiashara akafikiri analia kwa sababu ya bei, akapunguza. Namshukuru Mungu kwa kanga.

Hapakuwa na umeme wa kulijaribia. Nikafanya kama nilivyofanya na magitaa yote maishani: nikaegemeza taya kwenye mbao zake, nikaziba sikio jingine, nikagonga ule wa saba. Watu wa mitumba walinizunguka wakidhani gitaa limenipa habari za msiba. Mtetemo uliingia kwenye mfupa, ukashuka shingoni, ukatulia. Haukulegea. Nikashusha zaidi, mpaka pale mwalimu alipokuwa amefika mwaka ule, haukulegea. Nikapanda na nyuzi nyembamba, nazo zilikuwepo zote sita, safi, kana kwamba hakuna aliyewahi kuzihitaji. Vidole vyangu havikuizoea shingo ile pana, kidole kidogo kilifika uzi wa saba kwa kuomba ruhusa, lakini hilo ni la vidole. Dada aliniuliza kama ndilo. Nikaitikia kwa kichwa, nikiwa bado nimeliegemezea taya.

Mazoezi ya Jumamosi kabla ya mavuno yalikuwa siku njema kuliko zote nilizowahi kuwa na gitaa mkononi. Tulikodi jenereta. Mwalimu alikuja na baiskeli, akaliangalia gitaa pande zote, akauliza lina nyuzi ngapi, nikamwambia saba. Akasema mradi zisigombane. Akafumba macho, akatoa do, ya chini kabisa, na mimi nikambonyezea kodi nzito kutoka uzi wa saba. Vumbi lilishuka kwenye kenchi. Sauti ya nne, wale wazee wanne waliokuwa wakiimba kwa miaka bila kusikika, waligeuka kutazamana kama watu waliokutana na jamaa zao stendi. Chini yao palikuwa na sakafu sasa. Nilipiga ule muziki wa chumba cha mashine, ule ule, na juu yake watu wa Buswelu wakaimba Haleluya, na ikaenda sawa kabisa. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Mwalimu alipomaliza alisema neno moja tu, limeshiba, akapanda baiskeli yake akaondoka. Nilijua tumeshinda. Dada alikumbusha kwamba bado sauti ya kwanza wanaita ng'ombe, lakini siku ile hata yeye aliwaita kwa moyo.

Jumapili ya mavuno kanisa lilijaa. Mbele palikuwa na mahindi, maboga, mbuzi mmoja na lile gitaa jeusi, limefunikwa kitambaa cheupe. Mchungaji aliliombea, watu wakapita kuligusa, watoto wakagusa mara mbili. Yangeishia hapo, sote tungefika salama. Lakini mwenyekiti aliomba kusema machache, na mtu aliyenunua pikipiki kwa mabondo hana machache.

Alilisifu gitaa. Akawasifu vijana. Kisha, kwa sauti ya upole aliyoiandaa nyumbani, akasema kanisa halitupi wazee wake. Mzee wetu, alisema, sauti imekwisha, umri umekwenda, sote tunalijua hilo, ila tumemtafutia chombo cha kumshusha taratibu kama mgonjwa anavyoshushwa ngazi. Akaomba apigiwe makofi. Na watu, kwa kuwa ni watu wa adabu, wakapiga.

Nilimtazama mwalimu. Kumbe hakuwa anajua. Miaka yote ile tulipokuwa tunashuka naye kimyakimya, alidhani yuko palepale alipokuwa siku zote. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba do yake inasogea, na sasa ameambiwa mbele ya maboga. Midomo yake ilisogea kidogo, kama anayehesabu. Nilitaka ardhi inimeze, na mwenyekiti aende naye kwanza.

Mwalimu alisimama mbele yetu, akavuta koti chini, akafumba macho. Hakukohoa. Akatoa do, na haikuwa ya jana. Ilikuwa juu, juu sana, ile ambayo mama yangu alituambia kwamba ilikuwa ikisikika mpaka barabarani enzi za ujana wake. Ilitoka nyembamba, ina mtetemo, lakini ilitoka.

Kwaya yote iligeuka kunitazama. Ningeweza kupiga uzi wa saba, wa pale tulipofanyia mazoezi, na wangenifuata mimi. Tungeimba vizuri, mwalimu angebaki, kama baraza lilivyosema. Angebaki chini kule, huku kila mtu akijua amewekwa kwa huruma. Vidole vilinitoka kwenye uzi mnene vikapanda wenyewe, mpaka kwenye zile nyembamba karibu na mwili wa gitaa, nikamtafuta, nikampata.

Dada na wenzake waliingia kama waliofunguliwa zizi. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, sauti ya kwanza waliimba mahali pao, na kanisa lilipanda nao. Ubeti wa kwanza mwalimu aliuongoza wote. Wa pili sauti ilianza kumchanika. Wa tatu ilikatika, ikabaki hewa tu, lakini hakushusha mikono. Aliongoza mpaka mwisho, mdomo wazi, hana hata tone la sauti, jasho linamtiririka, na kwaya ikaimba kila alichoonyesha. Nyuzi zile za juu nilizipiga huku machozi yananizuia kuona shingo ya gitaa. Ule wa saba, ulionitoa Buswelu mpaka Mlango Mmoja, sikuugusa hata mara moja.

Makofi yalipokuwa yanaendelea alimgeukia mwenyekiti, akasema kwa sauti iliyobaki, "Kinanda chenu leteni." Kisha akaja kwangu, akainama kama anayetazama gitaa.

"Asante kunifuata, bhebhe," alisema, akiniita "wewe" kwa Kisukuma. "Huko chini nitafika tu. Sihitaji kusindikizwa na waya saba."

Akanigonga kichwani, taratibu, akatoka kupitia mlango wa pembeni ulipokuwa umeegemezwa baiskeli yake.

Jumapili iliyofuata nilikaa mahali pangu, nikaliweka gitaa pajani, nikashika vishikio vya kukazia nyuzi na kugeuka ili anipe do. Pale alipokuwa akisimama palikuwa na kinanda, bado kimefunikwa nailoni ya dukani.